Mwezi Hufa, Ukarudi: Batman, Leeyio na Kaburi la Mdogo Wangu



Somo la leo limetokana na swali la kijana mmoja wa kidato cha pili. Nilikuwa likizoni nyumbani Karatu, nikaombwa kuongea na wanafunzi wa TYCS kuhusu ufufuko. Nikajiandaa vizuri. Nimemaliza digrii ya falsafa, kwa hiyo nilikuja na Aristotle, nilikuja na Mtakatifu Thoma wa Akwino, na ubao nikaujaza. Nilipomaliza nikauliza, "Kuna swali?" Dogo mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono.

"Frateri, Batman alimrudisha mtoto wake. Kwa nini Yesu asimrudishe mama yangu?"

Wenzake wakacheka, halafu wakanyamaza, maana walikuwa wanajua mama yake amezikwa mwaka huohuo. Mimi nikasema kitu kuhusu "fumbo la imani", tukafunga kwa sala. Lakini kiukweli sikumjibu. Nimeandika hapa jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Kama wewe pia kuna mtu umemzika na moyo wako bado unabishana na Mungu, soma nasi taratibu.

1. Stori yenyewe ya Batman

Tuanze na stori ya dogo, kwa sababu hakuitunga. Batman, jina lake halisi Bruce Wayne, ana mtoto wa kumzaa anayeitwa Damian. Kijana mwenyewe ana miaka kumi tu, ana kiburi, ana hasira, lakini anajifunza taratibu kuwa mwema. Mwaka 2013, katika toleo la 8 la Batman Incorporated lililoandikwa na Grant Morrison, Damian anauawa. Baada ya hapo jarida jingine, Batman and Robin la Peter Tomasi na mchoraji Patrick Gleason, linatuonyesha baba aliyebaki. Toleo la 18 karibu halina maneno. Ni baba anazunguka nyumbani, anaangalia vitu vya mtoto. Aliyewahi kurudi nyumbani kutoka makaburini anaielewa picha hiyo bila kutafsiriwa.

Kisha Bruce anakataa kukubali. Anaanza kutafuta njia ya kumfufua mwanawe. Anamkamata Frankenstein ili achunguze jinsi alivyotengenezwa. Halafu anafanya jambo ambalo mimi ndilo liliniuma kuliko yote. Zamani alikuwa na kijana mwingine wa kumlea, Jason Todd, ambaye aliuawa na baadaye akarudi hai. Bruce anamchukua Jason, anampeleka hadi Ethiopia, mahali palepale alipouawa, ili kumlazimisha akumbuke alirudije. Jason alidhani baba anataka kuwa naye. Kumbe baba anataka siri tu, ili imsaidie kwa yule mwingine.

Mwishoni, mwaka 2014, Bruce anavaa vazi la vita linaloweza kumuua yeye mwenyewe, anakwenda hadi ulimwengu wa adui, anarudi na mwili wa mwanawe, na Damian anafufuka. Wasomaji wengi walilia. Siwacheki hata kidogo.

Lakini angalieni kitu kimoja. Yule Jason Todd alikufaje? Mwaka 1988 wachapishaji waliwaachia wasomaji waamue kwa kupiga simu: afe au apone? Kura 5,343 zilisema afe, kura 5,271 zilisema apone. Tofauti ya kura 72. Miaka mingi baadaye waandishi wakamrudisha, kwa sababu stori ilimhitaji. Kwenye vibonzo mtu anakufa kwa uamuzi wa ofisi na anafufuka kwa uamuzi wa ofisi. Kaburi la huko ni kama gulio: leo mtu kaingia, kesho katoka.

Na kuna hili: kwenye stori za Batman lipo shimo lenye maji ya ajabu ambayo yanamrudishia mtu uhai. Limepewa jina la Lazaro. Jina hilo wamelichukua Bethania, kwenye Yohane sura ya 11. Ila huyo Lazaro wao akitoka shimoni hutoka na wazimu. Wa Bethania alitoka, Yesu akaagiza tu afunguliwe sanda na kuachwa aende zake. Tutarudi kwake.

2. Leeyio, mtu aliyekosea maneno

Sisi wa huku hatukusubiri Marekani ituletee stori ya kumrudisha mpendwa. Ndugu zetu Wamaasai, ambao mifugo yao mnaiona pale Ngorongoro mkishapita lango la Lodoare, wanayo simulizi ya zamani sana. Mwingereza A. C. Hollis aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1905, lakini wazee wanaisimulia bila kitabu.

Hapo mwanzo alikuwepo mtu anaitwa Leeyio. Akaelekezwa na Naiteru-kop, aliyeanzisha mambo ya dunia, kwamba mtoto akifa, wakati wa kuutoa mwili aseme hivi: mtu afe na arudi, mwezi ufe na usirudi. Maneno mafupi tu, na kifo kingekuwa kimeshindwa.

Mtoto akafa. Lakini hakuwa wa Leeyio, alikuwa wa mtu mwingine. Leeyio akaona huyu si wangu, ya nini kujisumbua? Akageuza maneno: mwezi ufe na urudi, mtu afe na abaki hukohuko.

Siku zikapita, akafa mtoto wake mwenyewe. Leeyio akakimbilia yale maneno ya kwanza, akayasema sawasawa, bila kukosea hata moja. Akaambiwa: umechelewa. Uliyaharibu mambo kwa mtoto wa mwenzako. Ndiyo maana mpaka leo mwezi unapotea na kurudi, na watu wetu hawarudi.

Sasa weka stori hizi mbili pamoja. Leeyio hakukosa upendo, alimpenda mwanawe. Bruce Wayne vilevile. Tatizo lao ni moja: upendo uliishia kwa wa kwao. Leeyio alimtupa mtoto wa jirani, Bruce akamtumia Jason kama ufunguo wa kufungulia mlango wa mwingine.

3. Na mimi nilikuwa Leeyio

Hapa nakiri mbele yenu. Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, hapa kwetu Karatu. Walikuwa wanakuja kufanya mtihani wa ujirani mwema. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu wakapona. Nchi nzima ililia.

Mimi nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni, kiongozi wa dini. Kesho yake Jumapili nikapewa nafasi ya kusema neno. Nikasimama, nikasema kwa sauti nzuri kabisa: Mungu aliwapenda zaidi, alihitaji malaika, tusilie. Nikajiona nimehubiri. Mwenzangu mmoja kutoka Arusha akanifuata baadaye bwenini, akaniuliza kwa upole, "Angekuwa mdogo wako, ungesema hivyo?" Sikumjibu. Nilimwona hana imani.

Mwaka 2022, nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa, mdogo wangu wa mwisho alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alianza kuumwa kichwa siku ya Jumanne, Ijumaa tukawa tunachimba kaburi.

Mdogo wangu alikuwa mchoraji. Alikuwa na kaunta buku imejaa vibonzo vya shujaa wake mwenyewe, mtu mwenye lubega nyekundu ambayo inageuka mbawa, anaruka juu ya kreta na kuokoa watu. Ukurasa wa mwisho una visanduku sita, vitatu vimechorwa, vitatu vitupu. Siku ya mazishi mtu mmoja mwema alinishika bega, akaniambia Mungu alimpenda zaidi. Maneno yangu mwenyewe! Nilitaka kumpiga. Nilielewa siku ile nilichomfanyia yule mwenzangu wa bwenini, na nilichokisema juu ya watoto 32 wa watu.

Halafu likaja jaribu lenyewe. Baada ya wiki tatu mtu mmoja akafika nyumbani, akamwambia mama kwamba mtoto hajafa. Amechukuliwa msukule. Yupo mahali, anafanyishwa kazi, na yeye anaweza kumrudisha kwa ng'ombe wawili. Mnajua stori hizi, hakuna kijiji ambacho hazijafika. Mama yangu ni mama wa jumuiya, rozari haimtoki mkononi, lakini usiku ule aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na kama kweli yuko hai?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilimjibu kwa Katekisimu. Sikufanya hivyo. Nilihesabu ng'ombe. Nilijua kabisa ni uongo, nimesoma mantiki muhula mzima, na bado nikahesabu ng'ombe. Kwa hiyo nikisema ninamwelewa Batman, sisemi kwa utani.

Aliyetuokoa ni bibi, ambaye hajui kusoma. Alisikiliza maneno yote, akasema, "Ng'ombe nitawatoa. Lakini niambieni kwanza: akirudi, atakufa lini tena? Nani atamzika mara ya pili? Mimi nguvu hiyo sina."

Tukanyamaza wote. Mama akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ng'ombe hawakutoka.

4. Kurudishwa si kufufuka

Swali la bibi ndilo kiini cha somo hili. Akirudi, atakufa lini tena?

Katika Injili, Yesu anawarudishia uhai watu watatu: binti wa Yairo, kijana wa Naini, na Lazaro. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 646 inatufundisha kuwa ufufuko wa Kristo haukuwa wa namna ile. Watu wale watatu walirudi kwenye maisha haya ya kawaida, yenye njaa, malaria na uzee, na siku moja wakafa tena. Lazaro alipata nyongeza ya siku. Martha na Maria, kama waliishi baada yake, walimlilia mara mbili.

Yesu hakurudi nyuma kwenye maisha haya. Alipita mbele, akatokea upande wa pili wa kifo. Paulo anawaambia Warumi (6:9) kuwa Kristo akishafufuka hafi tena, kifo hakimtawali. Na anawaambia Wakorintho (1 Kor 15) kuwa yeye ni limbuko. Sisi wakulima wa Karatu tunajua limbuko ni nini: si shamba lote, ni mavuno ya kwanza yanayokuonyesha shamba zima litakuwaje.

Kwa hiyo Batman aliomba kitu kidogo mno. Alimwombea mwanawe ukurasa mwingine wa kitabu kilekile, ambacho mwandishi mwingine anaweza kumuua tena toleo lijalo. Yule mtu wa ng'ombe wawili naye alikuwa anauza kitu hichohicho. Imani yetu inaahidi zaidi ya hapo.

Lakini ngoja, kuna kosa la upande wa pili, na hili linatokea makanisani. Tunawaambia wafiwa, "Mwili ni nyumba tu, roho iko mbinguni, basi usilie." Hayo ni ya Plato zaidi kuliko ya Injili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akifafanua 1 Wakorintho 15, anasema wazi kwamba roho yangu peke yake siyo mimi mzima. Mimi ni mwili na roho. Ndiyo maana mama anatamani mkono wa mwanawe, sauti yake, hata harufu ya sare yake ya shule. Siyo ukosefu wa imani. Anatamani hasa kile tunachokiri kila tunaposali Nasadiki: ufufuko wa miili. Na Yesu mfufuka aliwaonyesha wanafunzi alama za misumari. Alikuwa yeye yule, pamoja na historia yake. Hakuna kilichopotea.

Na kabla ya kumfufua Lazaro, huku akijua atakachofanya baada ya dakika chache, Yesu alilia. Kama Yeye alilia, nani aliniambia mimi niwakataze watu?

5. Mungu alisema maneno ya Leeyio kinyume

Turudi kwa Leeyio. Alisema vibaya kwa mtoto wa mwenzake, akasema vizuri kwa wake. Sasa angalieni Injili. Kijana wa Naini ni mtoto wa mjane ambaye Yesu hakuwa hata amemfahamu. Binti wa Yairo ni mtoto wa mtu mwingine. Kila mara Yesu anayasema maneno mazuri juu ya watoto wa watu. Na ilipofika zamu ya Mwana wa Mungu mwenyewe? Paulo anasema (Rum 8:32) kuwa Mungu hakumwachilia Mwanawe, alimtoa kwa ajili yetu sote.

Yaani Mungu alianza na sisi. Maneno yale ambayo Leeyio aliyachelewesha kwa sababu "huyu si wangu", Mungu aliyasema juu yetu kwa gharama ya Mwana wake. Na kwa sababu aliyasema kwa ajili ya wote, hayakuchelewa. Jumapili asubuhi kaburi lilikuwa tupu.

6. Kaburi la ukingoni

Ukipanda Ngorongoro, pale ukingo wa kreta, kuna mnara wa mawe kando ya barabara. Ni kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa anahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake, Bernhard. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tai ikaanguka. Alikuwa na miaka 24, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Kwa ndugu zetu Wamaasai mwaka huohuo wa 1959 una kumbukumbu nyingine, ya kuondoka Serengeti, na hilo nalo ni msiba ambao haufai kusahauliwa.

Huwa nasimama pale nikimwaza yule baba. Hakuwa na shimo la Lazaro. Alimaliza kitabu walichokianza pamoja, akaendelea na kazi karibu miaka thelathini. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakawekwa hapohapo, kando ya mwanawe. Hakumrudisha mwana. Alimfuata.

Mfalme Daudi alisema jambo kama hilo mtoto wake alipofariki (2 Sam 12:23): yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatarudi kwake. Daudi alisema hivyo kabla ya Pasaka, gizani. Sisi tunasema hivyohivyo, lakini tunajua tunakokwenda yupo nani.

7. Basi tufanye nini?

Kwanza, usimlipe mtu yeyote akurudishie marehemu, kwa ng'ombe, kwa "sadaka", wala kwa simu. Sauli alikwenda kwa mwanamke wa Endori (1 Sam 28) akarudi na hofu zaidi. Katekisimu namba 2116 inakataza kuita wafu. Mungu hakunyimi faraja. Anakulinda na wanaofanya biashara kwa machozi yako.

Pili, mpendwa wako unaweza kumfanyia kitu hata leo. Mwombee. Toa nia ya Misa. Novemba nenda kafyeke nyasi kaburini. Upendo haujakatika, umebadilisha kazi tu.

Tatu, ukienda msibani, usiharakishe kuhubiri. Beba maji, chota kuni, kaa. Usiseme juu ya mtoto wa mwenzako neno ambalo usingevumilia kulisikia juu ya wako.

Nne, endeleza walichoacha. Ile kaunta buku ninayo. Visanduku vitatu bado ni vitupu, na mimi sijui kuchora. Lakini mwaka huu nimeanza kufundisha katekesi ya watoto kwa katuni, wanachora wao. Nadhani dogo angefurahi.

Na wewe kijana uliyeuliza swali: mdogo wangu, nisamehe kwa jibu la siku ile. Yesu hajamrudisha mama yako kwa sababu hataki kukupa mama wa kumzika mara mbili. Anakuandalia mama asiyekufa tena. Najua hilo halizibi nafasi ya jioni, ukitoka shule na jiko limepoa. Lia. Yeye alilia. Halafu njoo tusali wote.

Jambo la mwisho. Unajua Kanisa linapataje tarehe ya Pasaka? Linaangalia mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Leeyio aliupa mwezi ruhusa ya kurudi, mtu akamnyima. Sisi kila mwaka tunautazama mwezi huohuo ukijaa juu ya mlima Oldeani ili tujue siku ya kusherehekea kwamba Mtu mmoja alirudi, na hafi tena.

Maswali ya kutafakari (peke yako au katika kikundi)

1. Ni neno gani la faraja uliloambiwa msibani likakuumiza? Wewe umewahi kumwambia mtu neno kama hilo?
2. Soma Yohane 11:1–44. Kwa nini unadhani Yesu alilia wakati alijua atamfufua Lazaro?
3. Ni nani "mtoto wa mwenzako" ambaye wiki hii unaweza kumwombea au kumtembelea?

Sala

Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, pokea wale tuliowazika na hatukuwaaga vizuri. Utuponye hamu ya kuwarudisha kwa njia za giza. Utufundishe kuwapenda watoto wa wenzetu kama wa kwetu, mpaka siku utakapotuita sote kwa majina. Amina.

Frateri wenu, Karatu